Kukipima Kitabu cha Programu za Kompyuta Kabla ya Kukipeleka Darasani

Mwalimu wa shule ya msingi hupokea kitabu, hukisoma, huandaa somo, kisha huingia darasani. Ni mara chache hujiuliza kama kitabu chenyewe kinasema kweli. Kwa masomo mengi desturi hii haileti madhara makubwa, kwa kuwa mwalimu naye alijifunza mambo hayo hayo utotoni, na kosa likitokea hulitambua upesi. Lakini yako masomo mapya ambayo wengi wetu hatukuyapata tulipokuwa wanafunzi. Mojawapo ni utungaji wa programu za kompyuta. Hapo mwalimu hana kumbukumbu ya kumsaidia. Hutegemea kitabu peke yake, na kitabu kikikosea, naye hukosea pamoja nacho mbele ya watoto.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi mwanachuo anavyoweza kukipima kitabu cha namna hiyo kabla hajakifundishia. Hatuna haja ya kubuni utaratibu mpya. Wataalamu wanaopima programu za kompyuta wamekuwa na kanuni zao kwa miaka mingi, na tutaona kwamba kanuni hizo hizo zafaa kukipimia kitabu kinachofundisha programu.

Tukio lililotufunza

Tuanze na kosa letu wenyewe. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo wetu mmoja alipangiwa shule iliyomo katika mkoa huu wa Songwe. Walimu wa shule hiyo walimruhusu kuendesha kikundi cha kompyuta baada ya saa za masomo, kwa wanafunzi wa Darasa la Sita. Palikuwa na kompyuta mpakato moja. Kitabu tulimpa sisi kutoka maktaba ya chuo. Tulikichagua kwa sababu karatasi zake zilikuwa nzuri, picha zake za rangi, na jina lake lilimwahidi msomaji kwamba angejifunza upesi lugha ya programu iitwayo Python.

Zoezi la kwanza lilikuwa kuiagiza kompyuta iandike salamu. Mwanachuo alibadili maneno ya salamu yakawa ya Kiswahili, na yaliyobaki akayaacha kama kitabu kilivyoelekeza. Agizo likawa hivi:

print "Habari za asubuhi"

Mwanafunzi mmoja wa kike aliitwa mbele. Akaandika herufi baada ya herufi, kwa uangalifu, huku wenzake wamemzunguka. Kompyuta ikakataa. Akafuta, akaandika tena. Ikakataa. Mara ya tatu mwanachuo alimsomea agizo kwa sauti, na bado kompyuta ikakataa. Ndipo mtoto akaondoa mikono juu ya kibodi na kusema kwa sauti ya chini, "Mimi siwezi, mwalimu." Mwanachuo naye aliamini kwamba mtoto alikuwa ameruka kitu.

Mtoto hakuwa ameruka kitu. Kitabu kilitungwa kwa ajili ya toleo la pili la Python. Toleo la tatu lilitoka Desemba 2008, nalo lilibadili mambo kadhaa kwa makusudi; mojawapo ni kwamba maneno ya kuandikwa hayana budi kutiwa ndani ya mabano, hivi:

print("Habari za asubuhi")

Matoleo hayo mawili yalitumika sambamba kwa miaka mingi, mpaka toleo la pili lilipoachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Kompyuta ya shule ilikuwa na toleo la tatu. Mtoto aliandika sawasawa na kitabu, na kwa sababu hiyo hasa akakataliwa.

Tunaomba wasomaji wetu wazingatie jambo hili. Mtoto hakukihukumu kitabu, bali alijihukumu yeye mwenyewe. Mtoto wa shule ya msingi hana njia ya kujua kwamba kitu kilichopigwa chapa chaweza kuwa kibovu. Kosa lilikuwa letu sisi tuliokichagua kitabu kwa kuangalia jalada. Dakika kumi tu mbele ya kompyuta, kabla ya siku ile, zingetosha kulibaini.

Tabia ya kitabu cha programu

Kitabu cha programu kina tabia mbili zinazokitenga na vitabu vingine vya shule.

Kwanza, maandishi yake ni maagizo ya kutekelezwa. Katika kitabu cha hadithi, neno lililokosewa herufi moja huweza kueleweka, na msomaji akaendelea. Kompyuta haina subira hiyo. Nukta iliyosahauliwa, mabano yaliyoachwa wazi, au alama ya mtajo iliyopotea wakati wa kupiga chapa huweza kuizuia programu nzima isifanye kazi. Kwa hiyo kukisoma kitabu cha programu kwa macho peke yake hakutoshi kukihukumu, sawa na vile kulisoma daftari la mapishi kusivyotosha kujua kama ugali utaiva.

Pili, kitabu hiki huzeeka kwa haraka, na huzeeka hata kama mwandishi wake hakukosea neno. Tutoe mfano wa Scratch, programu iliyobuniwa katika chuo cha MIT huko Marekani na kutolewa kwa watu wote mwaka 2007, ili watoto watunge programu kwa kuunganisha vipande vya maagizo vyenye rangi. Katika toleo lake la pili, la mwaka 2013, jukwaa ambalo picha huchezea lilikuwa upande wa kushoto wa skrini. Katika toleo la tatu, lililotoka Januari 2019, jukwaa lilihamia kulia, na maagizo ya kalamu ya kuchorea yakaondolewa mahali pake pa zamani, yakawekwa kati ya nyongeza ambazo mtumiaji huzichagua mwenyewe. Mwalimu mwenye kitabu cha toleo la pili atawaambia watoto watafute maagizo ya kalamu kati ya vipande vinavyoonekana mara programu inapofunguliwa, nao hawatayaona. Kitabu hakikuongopa kilipoandikwa. Mazingira yake ndiyo yaliyobadilika.

Jambo hili limewahi kuwapata hata mabingwa. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilivunjika angani kabla ya kutimiza dakika moja tangu kuruka. Uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka roketi iliyotangulia, Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri. Roketi mpya ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi. Ikatokea namba ambayo programu ile ya zamani haikuweza kuibeba. Haikujaribiwa vya kutosha katika mazingira yake mapya. Somo kwa mwalimu ni lile lile: kitabu kilichofaa mahali fulani na wakati fulani hakina budi kupimwa upya mahali kinapopelekwa.

Makosa yanayopiga kelele na makosa yanayonyamaza

Kosa la salamu lililotupata ni la namna iliyo nafuu. Kompyuta ilikataa, na kila mtu akajua kwamba pana tatizo. Hilo tuliite kosa linalopiga kelele. Yako makosa ya namna nyingine ambayo programu hufanya kazi bila kukataa, lakini hutoa jibu lisilo sahihi. Hayo ni makosa yanayonyamaza, nayo ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Chukua programu ya kutafuta wastani wa alama mbili, 7 na 8. Kila mwanafunzi wa madarasa ya juu anajua kwamba wastani ni 7.5. Katika toleo la pili la Python, namba nzima iliyogawanywa kwa namba nzima ilitoa jibu lililo namba nzima. Kwa hiyo 15 kwa 2 ilitoa 7, na nusu ikapotea bila onyo lolote. Katika toleo la tatu jibu ni 7.5. Kitabu cha zamani ambacho kimechapa jibu 7 bila maelezo kinamfundisha mtoto hesabu isiyo sahihi, tena kwa mamlaka ya mashine. Mwalimu wa Hisabati aliyetumia wiki mbili kufundisha desimali atakuta kazi yake imeharibiwa na ukurasa mmoja.

Mfano wa pili watoka mpakani kwetu. Tunduma imepakana na Nakonde ya Zambia, na watoto wengi wa mji huu wamekwisha kuona shilingi na kwacha zikibadilishwa mkononi. Zambia ilibadili fedha yake tarehe 1 Januari 2013 kwa kuondoa sufuri tatu: kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1. Kitabu kilichopigwa chapa kabla ya hapo, chenye zoezi la kutunga programu ya kununua mkate kwa maelfu ya kwacha, kitafanya kazi vizuri katika kompyuta. Hakuna agizo litakalokataliwa. Lakini mtoto wa Tunduma atajua mara moja kwamba bei ile haipo sokoni, na atajifunza kwamba mambo ya kompyuta hayahusiani na mambo ya kweli. Hilo nalo ni kosa linalonyamaza.

Kanuni tunazoziazima kwa wapima programu

Mwaka 1979 Mmarekani Glenford Myers alitoa kitabu juu ya ufundi wa kupima programu, ambacho kimeendelea kutolewa upya na kusomwa hadi karne hii. Mwanzoni mwa kitabu hicho anampa msomaji jaribio. Ipo programu inayopokea namba tatu, ambazo ni urefu wa pande tatu za pembetatu. Kazi yake ni kusema kama pande zote ni sawa, au mbili ni sawa, au hakuna zilizo sawa. Msomaji anaulizwa: utaipima programu hii kwa namba zipi?

Jaribio hili linamfaa sana mwalimu wa shule ya msingi, kwa sababu aina za pembetatu anazifahamu. Wengi wetu tungejaribu 5, 5, 5, kisha 5, 5, 3, kisha 3, 4, 5, tukaridhika. Lakini je, tumejaribu 5, 3, 5 na 3, 5, 5, ili kuona kama mpangilio unaipotosha programu? Je, tumejaribu 1, 2, 3, ambazo haziwezi kufanya pembetatu kwa kuwa pande mbili fupi zikiunganishwa zinalingana tu na ule mrefu? Je, tumejaribu 1, 2, 4? Je, tumejaribu sufuri, au namba hasi, au neno badala ya namba? Mwanachuo akilifanya zoezi hili kwa penseli na karatasi ataona jinsi upimaji ulivyo kazi ya akili, na jinsi tunavyoridhika mapema.

Kutokana na mafundisho ya wapima programu tunaweza kuchota kanuni tano.

(a) Mpimaji hutafuta kosa. Anayepima kwa nia ya kuthibitisha kwamba kitu ni kizuri hukiona kizuri. Anayepima kwa nia ya kugundua kasoro huigundua. Mwalimu akikifungua kitabu asiulize, "Je, kinapendeza?" bali aulize, "Kitanikwamisha wapi?"

(b) Jibu linalotarajiwa huandikwa kabla ya kuijaribu programu. Ukisubiri kompyuta ijibu kwanza, macho yako yatalikubali jibu lolote. Kama kabla ya kujaribu tungeandika kwamba wastani wa 7 na 8 ni 7.5, jibu la 7 lisingetupita.

(c) Mipaka ndiko makosa yanakojificha. Programu nyingi hufanya kazi vizuri katikati na kuharibika pembeni.

(d) Data mbaya hupimwa pamoja na data nzuri. Mtoto ataandika neno mahali pa namba. Hilo ni hakika. Kitabu kizuri humwandaa mwalimu kwa jambo hilo.

(e) Upimaji hauna mwisho. Mholanzi Edsger Dijkstra alikwisha kutahadharisha, tangu miaka ya mwisho ya 1960, kwamba kupima kunaweza kuonyesha kuwa makosa yapo, lakini hakuwezi kuonyesha kuwa hayapo. Kwa hiyo hata kitabu kilichoshinda majaribio yetu kisichukuliwe kuwa kimetakata.

Kanuni hizi zina faida nyingine. Mwanachuo akikutana na kitabu kinachofundisha upimaji wenyewe, anaweza kukihukumu kwa kutazama kama kina mambo haya matano. Kitabu kinachosema kwamba kupima ni kuiendesha programu mara moja na kuona kama inafanya kazi, hicho hakifai, hata kiwe na kurasa ngapi.

Mfano wa kupima: madaraja ya alama

Sasa tuzitumie kanuni hizo. Tuseme kitabu kina programu ya kutoa madaraja kwa mtihani wenye alama 50, kama tulivyozoea katika shule za msingi: A ni alama 41 hadi 50, B ni 31 hadi 40, C ni 21 hadi 30, D ni 11 hadi 20, na E ni 0 hadi 10. Programu ya kitabu ikiandikwa kwa maneno yetu yasema hivi:

Kama alama ni zaidi ya 41, andika A.
Kama sivyo, na alama ni zaidi ya 31, andika B.
Kama sivyo, na alama ni zaidi ya 21, andika C.
Kama sivyo, na alama ni zaidi ya 11, andika D.
Kama sivyo, andika E.

Kitabu chaijaribu kwa alama 45, programu yajibu A, na sura yafungwa. Sisi tuandike majaribio yetu, na mbele ya kila moja jibu tunalolitarajia:

Alama 45: twatarajia A, programu yasema A.
Alama 41: twatarajia A, programu yasema B.
Alama 40: twatarajia B; programu yasema B.
Alama 31: twatarajia B, programu yasema C.
Alama 0: twatarajia E, programu yasema E.
Alama 50: twatarajia A; programu yasema A.
Alama 51: twatarajia ikatae, programu yasema A.
Alama hasi 3: twatarajia ikatae; programu yasema E.

Kati ya majaribio manane, manne yameshindwa. Mwandishi aliandika "zaidi ya 41" mahali palipotakiwa "41 au zaidi", akarudia kosa hilo katika kila daraja, na alama 45 haikuweza kulifichua. Tena programu haikatai alama ambazo haziwezi kuwapo. Mwanafunzi aliyepata 41 kwa jasho lake anapewa B. Mwalimu akiitumia programu hii kutolea matokeo ya muhula, yuko mtoto atakayeipeleka nyumbani karatasi yenye daraja lisilo lake, na mzazi wake atayaamini maandishi ya kompyuta.

Kupima pasipokuwa na kompyuta

Wanachuo wengi hutuambia kwamba shule wanazokwenda hazina kompyuta, au hazina umeme, hivyo kupima kitabu haiwezekani. Wasomaji wameona kwamba mfano wa madaraja tuliupima bila kugusa mashine yoyote. Programu ni mfuatano wa maagizo, na maagizo huweza kufuatwa na binadamu.

Utaratibu ni huu. Chora ubaoni jedwali lenye safu moja kwa kila kitu ambacho programu hukikumbuka, mathalani "alama" na "daraja". Mtu mmoja asome maagizo moja baada ya jingine, kwa sauti. Mtu wa pili ayatekeleze kama yalivyo, bila kusaidia wala kukisia, na kuandika mabadiliko katika jedwali. Mtu wa tatu ashike karatasi yenye majibu yanayotarajiwa, na asiionyeshe. Kazi ngumu zaidi ni ya yule wa pili, kwa sababu binadamu hupenda kurekebisha kosa kimyakimya. Yatupasa kumkumbusha kwamba kompyuta haina huruma hiyo.

Njia hii haitagundua kila kosa. Ile ya mabano ya salamu, kwa mfano, ingehitaji mashine yenyewe. Lakini itayagundua makosa mengi ya mantiki, na ina faida ya pili: baada ya mwalimu kuitumia kukipimia kitabu, anaweza kuitumia tena kama somo kwa watoto. Kwa upande wa mashine, mwanachuo atumie kompyuta za chuo kabla ya kuondoka. Scratch huweza kuwekwa ndani ya kompyuta na kutumika bila mtandao. Aiweke, kisha ajaribu kurasa anazokusudia kufundisha.

Lugha na mazingira ya mtoto

Katika shule za msingi za Serikali watoto hufundishwa kwa Kiswahili, na wengi katika mkoa wetu hufika shuleni wakiwa wamelelewa kwa Kinyiha, Kinyamwanga, Kindali au lugha nyinginezo. Vitabu vingi vya programu vimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo hapana budi kupima pia lugha ya kitabu.

Kitabu kilichotafsiriwa kipimwe kwa swali moja: je, kitu kimoja kinaitwa kwa jina moja tangu mwanzo hadi mwisho? Tumeona vitabu vinavyoita kitu hicho hicho "programu" katika sura ya kwanza, "mpango" katika ya pili, na "utaratibu" katika ya tatu. Mtu mzima hukisia. Mtoto hudhani kwamba amefundishwa vitu vitatu. Kama kitabu ni cha Kiingereza, mwalimu aandike orodha ya istilahi atakazozitumia kabla ya somo la kwanza, azishike hizo, na azilinganishe na istilahi sanifu kila anapoweza. Scratch yenyewe huweza kuonyesha maagizo yake kwa Kiswahili. Ni vyema mwalimu ayasome kwanza na kuona kama yanalingana na maneno ya orodha yake.

Mazingira nayo yapimwe. Kitabu kinachotaka mtoto atunge programu ya treni za chini ya ardhi si kibovu, lakini mwalimu atalazimika kueleza treni hizo kwanza. Mtoto wa Tunduma anajua foleni ya malori yaendayo Zambia na Kongo, anajua mabehewa ya TAZARA, na mtoto wa Mbozi anajua uzito wa gunia la kahawa. Mwalimu ajiulize kama mfano wa kitabu waweza kubadilishwa ukawa wa hapa bila kuivuruga programu.

Je, ithibati haitoshi?

Huenda mwanachuo akauliza: kama kitabu kimekwisha kuidhinishwa na wenye mamlaka, sisi ni nani hata tukipime tena? Swali ni la haki. Ithibati ina kazi yake, na mwalimu hana budi kuvitanguliza vitabu vya kiada vilivyotolewa kwa ajili ya mtaala. Lakini yako mambo mawili ya kukumbuka.

La kwanza, vitabu vingi vya programu vinavyotufikia si vya kiada. Ni vya ziada, au vya msaada, au vimenunuliwa na mzazi safarini. La pili, hata walioidhinisha ni binadamu. Kamati iliyokuwa ikiidhinisha vitabu vya shule nchini, iliyojulikana kwa kifupi EMAC, ilivunjwa mwaka 2013 baada ya malalamiko makubwa juu ya makosa yaliyokutwa katika vitabu, na shughuli hiyo ikapelekwa Taasisi ya Elimu Tanzania.

Watu wa Tunduma wana mfano mzuri. Lori liendalo mpakani huwa limekwisha kupimwa kwenye mizani kadhaa tangu litoke Dar es Salaam, na dereva ana karatasi zake. Hata hivyo likifika Mpemba hupimwa tena. Hakuna anayesema kwamba mizani ya Mpemba inazidharau mizani iliyotangulia. Mwalimu ndiye mizani ya mwisho kabla ya mtoto.

Nchi yetu inalo funzo la zamani zaidi. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jitihada za kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta zilikwama, sababu zikiwa pamoja na uhaba wa wataalamu na maandalizi hafifu, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikwisha kulegezwa zamani, lakini maana yake imebaki: mashine iliyoaminiwa kabla ya kupimwa huweza kuwafanya watu wakate tamaa na mashine zote. Likitokea kwa mtoto mmoja mbele ya wenzake, matokeo ni yale yale, ingawa hakuna gazeti litakaloandika.

Utaratibu wa saa moja

Kwa muhtasari, mwanachuo aliyepewa kitabu cha programu na afuate hatua hizi, ambazo hazizidi saa moja:

1. Tazama mwaka wa kitabu na toleo la lugha au programu kinayoifundisha. Linganisha na toleo lililomo katika kompyuta utakayoitumia.

2. Chagua mifano mitatu: mmoja wa mwanzo, mmoja wa katikati, mmoja wa karibu na mwisho. Usichague ile rahisi peke yake.

3. Kwa kila mfano andika jibu unalolitarajia kabla ya kujaribu.

4. Ijaribu kama ilivyochapwa, herufi kwa herufi, kwenye mashine au ubaoni.

5. Jaribu mipaka na data mbaya.

6. Pima lugha: jina moja kwa kitu kimoja.

7. Andika kwa penseli ndani ya jalada makosa uliyoyakuta, ukurasa wake na sahihisho lake, ili mwalimu atakayekuja baada yako asianze upya.

Hatua ya saba tunaisisitiza. Kitabu chenye makosa yanayojulikana ni salama kuliko kitabu ambacho hakijapimwa. Kile kitabu cha salamu hatukukitupa. Kingali katika maktaba yetu, na ndani ya jalada lake pana orodha ya masahihisho inayoongezwa kila mwaka.

Hitimisho

Juma lililofuata mwanachuo wetu alirudi kwenye kikundi chake. Tulimshauri asianze na somo jipya. Alimwita yule mwanafunzi mbele, akawaambia wote kwamba mwenzao aliandika sawasawa, na kwamba kitabu ndicho kilichokosea, na walimu waliokichagua. Mtoto akaongeza mabano, na salamu ikatokea. Akaitazama kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo, mwalimu, na kurasa nyingine je?"

Swali hilo ndilo tungependa kila mwanachuo aende nalo shuleni. Mtoto wa Darasa la Sita alilifikia siku ile ile alipoambiwa ukweli. Mwalimu wake hana budi kumtangulia.

Maswali ya kujadiliana

1. Andika majaribio kumi ya programu ya pembetatu iliyoelezwa katika makala hii, na jibu unalolitarajia kwa kila jaribio.

2. Sahihisha programu ya madaraja, kisha ipime ubaoni pamoja na wenzako wawili kwa majaribio yale manane.

3. Chagua kitabu kimoja cha kompyuta katika maktaba ya chuo chako. Kipime kwa utaratibu wa saa moja, na uandike matokeo ndani ya jalada.

4. Je, utaratibu huu waweza kutumika kupima kitabu cha Sayansi chenye majaribio ya vitendo? Eleza kwa mfano.